Kutafuta Neno kwa Herufi Zake

Kamusi ya Kiingereza, kama zilivyo kamusi nyingi zilizopangwa kwa tartibu ya abjadi, hutungwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukutana na neno na sasa ataka kujua maana yake, au alijuaye neno lakini ameingiwa na shaka katika tahajia yake. Haikutungwa kwa ajili ya mtu wa pili, ambaye haja yake ni kinyume cha hiyo, kwa kuwa yeye herufi anazo mkononi ila neno lenyewe bado hajalipata. Wala mtu huyu wa pili si adimu. Ndiye yule ajazaye chemshabongo ya gazeti, akakwama penye visanduku sita ambavyo vitatu tu vimekwisha pata herufi. Ndiye mchezaji wa Scrabble anayevitazama vibao vyake saba ilhali saa inakwenda. Ndiye mtunzi wa mashairi ya Kiingereza atafutaye kina. Katika vita vya pili vya dunia serikali ya Uingereza yenyewe ilimtambua thamani yake, kwani mwezi wa Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph lilipofanya mashindano ya kujaza chemshabongo kwa muda usiozidi dakika 12, baadhi ya walioshiriki walifuatwa baadaye kwa siri na kualikwa katika kazi ya kufumbua maandishi ya adui. Na juu ya hayo yote, mtu huyu akiifungua kamusi huwa kama anayetafuta nyumba kwa rangi ya mlango wake katika daftari lililopangwa kwa majina ya wenye nyumba: anachokitaka kimo mle mle, na hakioni.

Katika masala haya rai yangu ni moja, nami naitanguliza ili msomaji aipime njiani. Watu hudhani kuwa uzito wa kulitafuta neno kwa herufi zake watokana na wingi wa maneno ya Kiingereza, na kwamba aliye na kichwa kikubwa au mashine yenye kasi ndiye ashindaye. Sivyo. Uzito wenyewe umo katika mpango wa orodha, kwani orodha iliyopangwa kwa namna moja hujibu swali la namna moja tu, na maswali mengine yote huyafanya kuwa magumu kupita kiasi. Na ukiifuata tarehe ya ufundi huu tangu ulipoanza, utaona kuwa kila aliyeusogeza mbele hakuongeza neno hata moja, bali aliyachukua maneno yale yale akayapanga upya.

Kwanza yafaa kulichambua swali lenyewe, kwani tusemapo neno lenye herufi kadha wa kadha huwa tumeyakusanya maswali yasiyofanana chini ya jina moja. Mtu aweza kutaka neno linalozikusanya herufi zote alizozitaja, popote zilipo, pamoja na nyingine zozote zitakazokuwamo. Ndivyo atakavyo aulizaye neno lenye irabu zote tano za Kiingereza, akajibiwa *education*, yaani elimu, au *sequoia*, ule mti mrefu wa California ambao kwa herufi saba tu umezimaliza irabu zote, au *facetious*, ambamo zimekuja kwa safu yake, a, e, i, o, u, pasiwe na moja iliyoitangulia nyenzake. Mwingine hataki ziada: herufi ni hizi, zote zitumike, wala isizidi hata moja, ila zipangwe vingine, kama vile *listen*, sikiliza, inavyogeuka *silent*, kimya, na ikigeuzwa tena ikawa *tinsel*, nyuzi za kumetameta za kupambia. Yuko aliye radhi kuziacha baadhi ya herufi alizonazo lakini haruhusiwi kukopa nyingine. Yuko azijuaye herufi chache pamoja na mahali zilipokaa, asizijue zilizobaki. Na yuko atakaye herufi zilizoshikana bila ya kutenganishwa, hata zikiwa za kushangaza kama w, k na w ambazo zimeandamana ndani ya *awkward*, au *bookkeeper*, mweka hesabu za biashara, ambaye jina lake limebeba jozi tatu za herufi pacha zikifuatana.

Tofauti baina ya maswali haya si ya kinahau tu, kwani kila moja lina kipimo chake cha taabu. Chukua mtu aliyekwama penye neno la herufi sita, akajua kuwa ya pili ni h, ya tano ni h, na ya mwisho ni m. Kama angaliijua ya kwanza, kamusi ingalimsaidia, kwani angalikwenda moja kwa moja penye kurasa zake akapitisha kidole. Madhali haijui, yampasa afungue milango yote 26 ya kamusi, na katika kila mlango apitie maneno yenye h nafasi ya pili, nao ni mzigo. Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa, nalo ni kwamba mtafutaji mzoefu hafungui mlango wowote: huanza kujiuliza ni konsonanti zipi za Kiingereza zinazokubali kufuatwa na h mwanzoni mwa neno, akapata chache kama c, s, t, w, p, na kwa maneno yenye asili ya Kigiriki r, kisha hutazama ule mwisho wa h na m, ambao si wa Kiingereza cha asili hata kidogo, akatambua kuwa neno limetoka Uyunani, na papo hapo jawabu humjia, *rhythm*, yaani mahadhi ya ngoma au ya shairi. Amelipata kwa kuwa kichwani mwake anayo orodha nyingine iliyopangwa kwa miisho na kwa asili za maneno, orodha ambayo hakuna aliyemchapia.

Orodha za namna hiyo, zilizopangwa makusudi kinyume cha mazoea, zilianza kutungwa zamani mno, na aliyeianza njia hii kwa ukamilifu wa kustaajabisha hakuwa Mwingereza. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8, ambaye asili yake ni Omani na masomo yake ni Basra, ndiye anayenasibishwa na *Kitab al-Ayn*, kamusi ya kwanza ya lugha ya Kiarabu. Hakuipanga kwa alifu, be, te, bali kwa makhariji ya sauti, akianzia kooni na kuishia midomoni. Na lililo kubwa kuliko hilo, alizikusanya mahali pamoja herufi za kila shina na kuzipindua kwa kila namna zinavyoweza kupinduliwa. Shina la herufi mbili lina mapinduo 2, la tatu lina 6, la nne 24, na la tano 120. Naye katika kila kundi alieleza ni pinduo lipi Waarabu wanalitumia na lipi wameliacha. Kwa hiyo atafutaye kaf, te na be hakuti humo *kataba* peke yake, lile shina tulilopata kwalo kitabu na katibu na katiba, bali akuta pia *kabata*, kukandamiza na kudhili, na *bataka*, kukata, vyote chini ya dari moja. Imenakiliwa pia kuwa ni yake ile hesabu ya maneno yote yanayoweza kuundwa kwa herufi 28 za Kiarabu zikipangwa mbili mbili, tatu tatu, nne nne na tano tano bila ya herufi kukariri, nayo ni 12,305,412. Ni hesabu iliyo sahihi, na aipendaye aizidishe mwenyewe. Hili ndilo swali letu la pili, la herufi zile zile zilizopangwa vingine, nalo lilijibiwa kwa lugha nzima miaka elfu na zaidi kabla ya Waingereza kulifanya mchezo wa barazani.

Amma swali la miisho, Waarabu walilijibu vile vile mapema, kwani al-Jawhari, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliipanga *al-Sihah* kwa herufi ya mwisho ya shina, na Ibn Manzur akaufuata mpango huo katika *Lisan al-Arab*, ukawa ni mwafaka kwa mshairi aliyehitaji kina. Waingereza walichelewa. Mwaka 1775 John Walker alichapisha London kamusi iliyopangwa kwa herufi za mwisho ili imfae mtafuta vina, na kitabu chake kilidumu kuchapwa upya kwa vizazi; lakini ndani yake mlikuwa na kasoro ambayo si yake bali ni ya lugha yenyewe, kwa kuwa Kiingereza kina herufi 26 na sauti zaidi ya 40, na tahajia yake imeyahifadhi matamshi ya karne zilizokwisha pita, hata ikawa *cough*, *bough*, *though* na *through* zaisha kwa herufi nne zile zile na hakuna mbili kati yake zenye kina kimoja. Mshairi wa Kiswahili, ambaye silabi aiandikavyo ndivyo aitamkavyo, hawezi kuielewa taabu hii mpaka ajaribu kutunga kwa lugha ile. Huko Marekani nako, kampuni ya kamusi ya Merriam-Webster iliwaweka wapiga chapa, tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1970, kuandika maneno nyuma mbele katika kadi, neno moja kadi moja, zikakusanyika kadi zipatazo 315,000, ili mhariri atakaye kujua maneno yote yaishayo kwa kiambishi fulani ayaone yamekaa pamoja. Ni kazi ambayo leo kompyuta ndogo huimaliza kabla mtu hajainua mkono kutoka kwenye kibodi, nayo iliwachukua watu umri.

Sasa tuingie katika mchezo, kwani ndio uliolifanya swali hili kuwa la umma. Alfred Mosher Butts, msanifu wa majengo wa jimbo la New York aliyekosa kazi katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alibuni mchezo wa kuunda maneno, na ili ajue kila herufi aiwekee vibao vingapi alikaa akahesabu herufi katika kurasa za gazeti la New York Times. Mwaka 1948 James Brunot aliupa mchezo huo jina la Scrabble, na vibao ni 100 hata leo: e ina 12, a na i zina 9 kila moja, q na z zina kimoja kimoja, na viwili havina herufi. Herufi s ilipewa vibao 4 tu, japo ni kathiri katika Kiingereza, kwa sababu karibu kila jina laweza kuongezwa s likawa wingi, na mchezo ungaliharibika. Na watungaji wa mchezo wa Spelling Bee wa gazeti hilo hilo la New York Times, ambao humpa mtu herufi saba na kumtaka aunde maneno bila ya kutoka nje yake, waliikwepa s kwa sababu iyo hiyo.

Mchezaji aliyeshika herufi saba zisizofanana, akataka kuzijaribu zote kwa kila mpangilio, kuanzia herufi mbili hadi saba, ana mipangilio 13,692 mbele yake, na hakuna binadamu awezaye kuipitia katika dakika alizopewa. Lakini hapo ndipo ile hila ya kupanga upya inapoonyesha nguvu zake. Chukua kila neno la kamusi, uzipange herufi zake kwa abjadi, na huo mpango uufanye kuwa ufunguo: *listen*, *silent*, *tinsel*, zote huwa eilnst. Kisha iandike orodha nzima kwa funguo hizo. Mchezaji sasa haulizi tena mipangilio, huuliza mafungu tu, na mafungu ya herufi mbili au zaidi yawezayo kuchaguliwa katika saba ni 120 basi. 13,692 imekuwa 120, na hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa. Wachezaji wakubwa hukesha wakizihifadhi funguo hizi kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo juzuu. Ukimtajia mmoja wao aeinrst, ambazo ni katika herufi zenye rutuba kuliko zote, hatafikiri: atakutolea *retains*, hubaki nacho, *retinas*, zile ngozi za ndani ya jicho, *nastier*, kibaya zaidi, *stainer*, mpaka rangi mbao, *stearin*, mafuta magumu yatengenezewayo mishumaa, na *retsina*, mvinyo wa Kigiriki wenye utomvu wa msonobari, na kila moja litamletea ile ziada ya alama 50 anayopewa amalizaye vibao vyote saba kwa mkupuo.

Jambo la pili wanalolijua wachezaji hawa ni kuanza na herufi iliyo haba. Elimu ya uhaba na wingi wa herufi nayo ina tarehe ndefu: al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza jinsi ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni alama zipi zilizozidi kuonekana, na katika karne ya 19, Alfred Vail, mshirika wa Samuel Morse, alikwenda kiwandani kwa mpiga chapa wa Morristown, New Jersey, akazitazama sanduku za herufi za risasi aone zipi zimewekwa nyingi, ndipo e ikapewa nukta moja na t mstari mmoja katika mawasiliano ya simu ya waya. Kwa hiyo mwenye herufi za a, e, n, z asianze na e, ambayo imeenea kila mahali na haimpunguzii kazi, bali aanze na z, ambayo kwa pigo moja huifyeka orodha ikabaki kijisehemu. Tahadhari moja lakini ni lazima, nayo hupuuzwa na wengi wanaoandika juu ya mambo haya: hesabu ya herufi katika maandishi si hesabu ya herufi katika kamusi. Gazetini h ni miongoni mwa herufi zilizoenea, kwa kuwa *the*, *that*, *this* na *he* hurudiwa katika kila mstari. Katika orodha ambamo kila neno limeandikwa mara moja tu, h hushuka sana, na herufi za viambishi hupanda. Butts alihesabu gazeti, ilhali mchezaji hutafuta katika kamusi, na hapo ndipo mwenye kujua hupata nafasi yake.

Katika herufi haba zote, q ndiyo iliyo na kisa. Waingereza huifuatisha u karibu daima, basi aliyeishika q bila ya u hujiona amefungwa. Njia ya kutokea ipo, na msomaji wa pwani akionyeshwa atatabasamu, kwani maneno mengi yanayomwokoa mchezaji wa London au Chicago ni ya nyumbani kwake. *Qadi* ni kadhi. *Faqir* ni fakiri. *Talaq* ni talaka. *Qibla* ni kibla. *Niqab* haina haja ya kufasiriwa. Na *qat* ni miraa yenyewe, ile itokayo Meru na Uhabeshi. Maneno haya yaliingia katika kamusi za Kiingereza kupitia wasafiri, mahakimu na wanajeshi, yakiandikwa kila mtu kwa tahajia yake, hata kadhi mmoja akawa na maandiko matatu manne. Na lililokuwa ni fujo kwa mhariri likawa ni riziki kwa mchezaji. Neno fupi lililo maarufu kuliko yote katika fungu hili, *qi*, silo letu bali ni la Wachina, nalo ni pumzi ya uhai kwa itikadi zao.

Kompyuta ilipokuja, ilizikuta hila hizi zote zimekwisha vumbuliwa, ikazitekeleza kwa kasi. Mwaka 1973 Ken Thompson wa maabara ya Bell huko New Jersey aliandika programu iitwayo grep, ambayo hupewa kiolezo cha herufi na nafasi tupu, ikaipitia orodha mstari kwa mstari na kutoa kila neno linalokubaliana nacho. Swali letu la h mbili na m hujibiwa nayo kwa amri ya herufi chache. Njia nyingine, ambayo kwangu mimi ni tamu kuliko zote japo si ya haraka kuliko zote, ni kuipa kila herufi namba tasa yake, a ikawa 2, b 3, c 5, d 7, na kuendelea hivyo, kisha kuzizidisha namba za neno zima. Kwa kuwa kuzidisha hakujali kipi kimetangulia, maneno yenye herufi zile zile hupata zao moja. Na kwa kuwa namba tasa hazigawiki kwa nyingine, zao la neno linalozibeba herufi fulani hugawika sawasawa kwa zao la herufi hizo. Herufi a, b na c hutoa 30. *Cabin*, kijumba au chumba cha meli, hutoa 29,670, nayo hugawika kwa 30 bila ya baki. *Cobra*, nyoka tumjuaye, hutoa 86,010, nayo kadhalika. Swali la lugha limekuwa swali la kugawanya. Mwaka 1988 Andrew Appel na Guy Jacobson walieleza programu ya kucheza Scrabble ambayo haikuwa na orodha kwa maana ya kawaida, bali ilikuwa na mtandao wa njia, ambamo maneno yenye mwanzo mmoja hushirikiana mwanzo na yenye mwisho mmoja hushirikiana mwisho, na mashine hutembea njiani herufi baada ya herufi, ikikuta njia imekatika hurudi mara moja bila ya kupoteza wakati. Ni kamusi ya kawaida na kamusi ya Walker zimeunganishwa zikawa kitu kimoja.

Mchezo wa Wordle, wa kukisia neno la herufi tano, ambao Josh Wardle aliutoa kwa umma mwaka 2021 na gazeti la New York Times likaununua mwanzoni mwa 2022, umewafundisha mamilioni ya watu desturi hii ya kupunguza orodha bila ya wao kujua kuwa wanafundishwa. Herufi tano zaweza kupangwa kwa namna 11,881,376. Maneno yaliyokubaliwa na mchezo huo ulipoanza yalikuwa 12,972, yaani pungufu ya moja katika kila 900. Na yaliyowekwa kuwa majawabu yalikuwa 2,315 tu. Kila jaribio humwambia mchezaji ni herufi gani imo na iko mahali pake, ipi imo lakini mahali pake ni pengine, na ipi haimo kabisa, nalo la mwisho, ambalo wengi hulidharau, aghalabu ndilo lenye faida kubwa. Ni maswali yetu mawili, la herufi popote zilipo na la herufi zenye mahali, yamesukwa pamoja, na likaongezwa la tatu ambalo kamusi haijawahi kulijibu: maneno yasiyokuwa na herufi fulani. Ernest Vincent Wright alilijibu kwa jasho mwaka 1939 alipochapisha *Gadsby*, riwaya ya maneno 50,000 na zaidi aliyokusudia isiwe na e hata moja. Na anayedhani ni mzaha ajaribu kuandika ukurasa wa Kiswahili usio na a.

Lililo la ajabu katika zama zetu ni kwamba mashine zilizo hodari kuliko zote katika lugha zimekuwa dhaifu katika jambo hili. Programu za akili mnemba zitungazo barua na insha ziliwahi kuchekwa dunia nzima kwa kushindwa kusema ni r ngapi zilizomo katika *strawberry*, na mtoto wa shule ya msingi aweza kuhesabu kuwa ni tatu. Sababu yake yaeleweka: programu hizo hazisomi herufi, husoma vipande vya maneno, na kila kipande kwao ni namba moja isiyokuwa na tumbo, herufi zilizomo ndani hazizioni, huzikisia tu kwa yale ziliyoyasoma kuzihusu. Lakini mashine iyo hiyo ikiagizwa iandike amri fupi za kuipitia orodha herufi kwa herufi, kwa mtindo wa grep ya 1973, hujibu bila ya kukosea.

Linabaki suala ambalo hakuna mpango wa orodha uwezao kulitatua, nalo ni la orodha yenyewe: neno ni lipi? Wachezaji wa Scrabble wa Uingereza na wa sehemu kubwa ya dunia walifuata kitabu cha Collins, ambacho katika toleo la 2019 kilikuwa na maneno 279,496, na wa Marekani wakafuata orodha yao ya 2018 yenye maneno 192,111. Kwa hiyo maneno zaidi ya 87,000 yalikuwa halali upande mmoja wa bahari na haramu upande wa pili. Tena uhalali huo hauna uhusiano na maana. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 asijue kuzungumza Kifaransa, akashinda wa Kihispania mwaka 2024 huko Granada kwa njia iyo hiyo ya kuihifadhi orodha. Na walio na hasira juu ya jambo hili, wakisema kuwa ameifedhehesha lugha, nadhani wamekosea mahali pa kuielekeza hasira yao, kwani mchezo haukupata kuuliza maana hata siku moja. Wenye mamlaka huongeza na kupunguza wapendavyo: mwaka 2021 maneno yapatayo 400 ya matusi na dharau yaliondolewa katika orodha ya kimataifa ya mchezo, japo katika kamusi za kawaida yamebaki. Na *OK*, ambayo ilichapwa mara ya kwanza katika gazeti la Boston mwaka 1839, ikaenea mpaka hakuna bandari duniani isikosikika, haikuruhusiwa kuwekwa ubaoni na Wamarekani mpaka mwaka 2018, na nje ya Marekani ikangoja mwaka mmoja zaidi.